Kapigwa kwa mwendo wake: sheria inamlinda au inamkataa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli, Wete, Pemba. Mtoto wa dada yangu anasoma Glasgow. Ananambia huko ipo sheria ya chuki, mtu akisema kuwa mwanamme hawezi kugeuka mwanamke anafungwa miaka saba. Huku kwetu, juzi kijana wa miaka 19 anayepamba maharusi kapigwa na vijana wa maskani kwa ajili ya mwendo wake na hina aliyotia mikononi. Kavunjwa mkono. Wazee wanasema asiende polisi, maana sheria ya Zanzibar itamkamata yeye kabla ya kuwakamata waliompiga. Mimi ni Muislamu na msimamo wangu katika mambo haya unajulikana, lakini hili limeninyima usingizi. Ya Glasgow ni kweli? Na huyu wetu ana haki gani?

JIBU: Mwalimu, nianze na wa Wete, maana wa Glasgow hana dharura.

Wazee wamekosea. Ni kweli kuwa Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Nam. 6 ya 2018, inaadhibu kujamiiana kwa watu wa jinsia moja, na atakayekwambia vyengine anakudanganya. Lakini kinachoadhibiwa pale ni kitendo, na kitendo huthibitishwa mahkamani kwa ushahidi. Mwendo, sauti, hina, kazi ya kupamba maharusi: hakuna hata kimoja kinachoonesha mtu kafanya nini chumbani mwake. Sheria hiyo hiyo inaadhibu kumshambulia mtu, kumjeruhi na kumtia dhara kubwa, na haikuandika popote "isipokuwa aliyepigwa awe mtu wa namna fulani". Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinawaweka watu wote sawa mbele ya sheria. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba ya Muungano inapiga marufuku kumtesa mtu au kumpa adhabu ya kumtweza. Hata aliyekwisha kuhukumiwa na mahkama, akipigwa njiani, aliyempiga ana kesi ya kujibu.

Vijana watajitetea kuwa walikuwa wakimkamata, au kuwa aliwachokoza. Uwezo wa raia kumkamata mwenzake ni mdogo: lazima pawe na kosa la jinai, na akishamkamata mtu amfikishe polisi bila ya kuchelewa. Kupiga hakumo humo. Ama uchokozi, kazi yake kubwa katika sheria zetu ni kuipunguza kesi ya kuua kwa makusudi ikawa ya kuua bila ya kukusudia, na lazima pawe na kitendo kiovu au tusi la ghafla ambalo lingemvua mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia. Mtu kupita njiani hakufiki hapo.

Sasa la kufanya. Aende kituo cha polisi leo, afungue malalamiko, na asiondoke bila ya namba ya RB, yaani namba ya malalamiko yake katika daftari la polisi, na fomu ya PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Ikiwa hali ni mbaya aanze hospitali, kwa kuwa mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza na fomu ikafuata, lakini isifuate baada ya wiki. Kesi nyingi za kupigwa huvunjika kwenye fomu hii. Daktari akiandika "ana maumivu ya mkono" tu, hakimu hana kitu mkononi. PF3 iseme jeraha liko wapi, lina urefu wa sentimita ngapi, ni la muda gani, limetokana na kitu butu au chenye makali, na mwisho iseme daraja la dhara: dhara la kawaida au dhara kubwa. Neno hilo moja la daktari ndilo linaloamua vijana washitakiwe kwa shambulio dogo au kwa kosa zito. Picha ya eksirei ihifadhiwe. Isiachwe hospitali ikapotea. Na plasta ikitolewa, kwa kawaida baada ya wiki sita hivi, arudi kwa daktari aandikiwe ripoti ya pili inayosema mkono umerudi ulivyokuwa au umebaki na kilema. Familia nyingi hazijui hili, na kilema cha kudumu kinaweza kubadilisha shitaka lenyewe.

Nguo alizovaa zisifuliwe. Zikiwa na damu zikaushwe kivulini na zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki huzitia ukungu. Michubuko ipigwe picha siku ya kwanza na tena siku ya tatu, maana weusi wa ngozi hujitokeza zaidi baadaye, na kila picha iwekwe rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane.

Maelezo ya polisi ndiyo yanayowatisha watu kama yeye, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo. Anaeleza tukio: siku, saa, pahala, nani alimshika, nani alipiga na kwa kitu gani, nani alisimama akitazama. Awataje mmoja mmoja na kila mmoja alifanya nini. Asiseme "walinipiga" tu, ingawa sheria inawabeba wote waliojiunga kwa nia ya pamoja, hata yule aliyeshika mikono bila ya kupiga. Ayanukuu maneno waliyoyasema kama yalivyotoka midomoni mwao, hata yakiwa ya aibu, kwa sababu yanaonesha kuwa haukuwa ugomvi wa watu wawili. Hana wajibu wa kueleza maisha yake ya ndani. Akiulizwa, ajibu kuwa amekuja kama mlalamikaji wa shambulio. Akiambiwa akapimwe sehemu za siri wakati kilichovunjika ni mkono, akatae. Vipimo vya nguvu vya namna hiyo havithibitishi kitu kitabibu, na Jumuiya ya Madaktari Duniani ilivikataa kwa azimio mwezi wa Oktoba 2017. Ni bora aende na mtu mzima anayeheshimika. Mwalimu wa skuli ni mtu wa namna hiyo.

Lakini ikiwa alivuliwa nguo au aliguswa kwa udhalilishaji, mambo hubadilika: aende moja kwa moja Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako daktari, polisi na mshauri wanakutana pahala pamoja. Dawa za kukinga virusi vya ukimwi zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Kesi za udhalilishaji zina mahkama zake maalum Zanzibar tangu 2021.

Kama kuna video inayozunguka, msiisambaze "ili watu waone unyama". Mtoe nakala moja yenye tarehe, namba ya aliyeituma na jina la kundi, mumpe mpelelezi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi Zanzibar pia, na kifungu chake cha 23 kinamgusa anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa mtu moyo.

Baada ya hapo linakuja la muhali, yaani kuoneana haya. Mzazi wa kijana mmoja ni shemegi wa fulani, sheha, kiongozi wa mtaa, anawajua wote, kinawekwa kikao, familia inapewa pesa za hospitali na inaombwa ifute kesi. Sheha ana kazi kubwa ya amani katika shehia yake, ila yeye si mahkama. Mahkama ya Kadhi nayo ni ya ndoa, talaka, mirathi na mengine ya namna hiyo. Haina mamlaka ya jinai. Kesi ya jinai inaendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka kwa niaba ya Serikali, na kwa dhara kubwa kukubaliana kwa familia hakuizimi yenyewe. Kinachoizima ni mashahidi kutokwenda. Hakimu anaahirisha mara ya kwanza, mara ya pili, kisha anafuta. Kwa hivyo muandike mapema majina ya mashahidi na namba zao za simu, na msitegemee mmoja peke yake. Kituo cha polisi kikikataa kuandika malalamiko, nendeni kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha kwa Kamanda wa Mkoa, kisha ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake, na wasaidizi wa sheria wapo mpaka mashamba.

Umenambia wewe ni Muislamu, na najua hoja itakayoletwa barazani. Basi tuangalie vitabu vya madhehebu yetu wenyewe. Imam Nawawi, nguzo ya fiqhi ya Shafi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim anawagawa wanaume wenye mwenendo wa kike mafungu mawili. Yuko aliyeumbwa hivyo, hakujilazimisha. Huyo, anasema, hana lawama, hana dhambi wala adhabu. Yuko anayejifanya kwa makusudi. Huyo ndiye anayelaumiwa. Kijana wa maskani amejuaje aliyesimama mbele yake ni wa fungu lipi? Na katika Sunan Abi Daud imepokewa kuwa aliletwa kwa Mtume mtu aliyetia hina mikononi na miguuni, ikasemwa anajifananisha na wanawake. Akaamrisha apelekwe mbali, pahala paitwapo Naqii. Walipouliza kama wamuue, jibu lilikuwa kwamba amekatazwa kuwaua wanaosali. Wapo wanazuoni waliojadili isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ya hadithi hii. Lakini angalia nani aliamua: ni mwenye mamlaka, na hakuwaachia waliomleta wajichukulie hukumu. Aya ya 8 ya Surat al-Maida inaamrisha kuwa kuwachukia watu kusitupeleke katika kuacha uadilifu. Msimamo wako wa dini unabaki pale pale ulipo, Mwalimu, na huku unaweza kwenda naye polisi.

Sasa Glasgow. Mpwa wako kasikia jambo la kweli likiwa limepindishwa. Scotland ina Sheria ya Uhalifu wa Chuki na Utulivu wa Umma ya 2021, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2024, na kweli kifungo cha juu cha kosa la kuchochea chuki ni miaka saba. Ila ili mtu atiwe hatiani kwa kuchochea chuki dhidi ya waliobadili jinsia, mambo mawili lazima yathibitishwe kwa pamoja: maneno au mwenendo uwe wa kutisha au wa kudhalilisha kwa kiwango ambacho mtu mwenye akili timamu angeuona hivyo, na awe amekusudia kuchochea chuki. Sheria yenyewe inasema kujadili au kukosoa tu hakuhesabiwi kuwa ni kutisha wala kudhalilisha. Siku ile ile ilipoanza kutumika, mwandishi J.K. Rowling aliandika mtandaoni kwamba watu kadhaa waliobadili jinsia ni wanaume, akasema kama hilo ni kosa basi akamatwe. Polisi ya Scotland ikajibu kuwa hakuna jinai iliyotendeka. Kwa hivyo mpwa wako akisema tu kuwa mwanamme hawezi kugeuka mwanamke, hafungwi.

Linaloweza kumfunga mtu ni jengine. Baada ya watoto watatu wa kike kuuawa Southport, Uingereza, tarehe 29 Julai 2024, ulienezwa uvumi wa uongo kuwa muuaji ni Muislamu mtafuta hifadhi. Msikiti ukashambuliwa. Mwanamke mmoja aliyeandika mtandaoni kuhimiza hoteli za waomba hifadhi zichomwe alihukumiwa miezi 31 jela mwezi wa Oktoba mwaka huo, kwa kosa la kuchochea chuki ya rangi. Hayo yalikuwa mwito wa moto juu ya vichwa vya watu, na sioni kwa nini mtu ayaite maoni.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya sheria hizi haihusu maneno peke yake. Inahusu kosa ambalo ni kosa tayari, kama kupiga, kuharibu mali au kutisha, na inauliza: limesukumwa na nini? England na Wales sababu tano huzidisha adhabu: rangi na asili, dini, ulemavu, mwelekeo wa kimapenzi, na kubadili jinsia, hii ya mwisho ikiwa imeongezwa mwaka 2012. Scotland ilikuwa nayo tangu sheria yake ya 2009. Marekani waliiingiza katika sheria ya shirikisho ya Oktoba 2009, yenye majina ya Matthew Shepard na James Byrd Jr., wawili waliouawa kwa ukatili mwaka 1998, mmoja kwa kuwa shoga na mwengine kwa kuwa mweusi. England na Wales mwendesha mashtaka ana njia mbili: aoneshe kuwa mshtakiwa alidhihirisha uadui wakati wa kosa, kabla yake kidogo au baada yake tu, au aoneshe kuwa uadui ndio uliomsukuma. Ndiyo maana nikasema maneno ya wapigaji yaandikwe. Na Uingereza haijalishi kama aliyepigwa kweli ni huyo waliyemdhania, kudhaniwa kunatosha. Sisi tunalijua hilo. Mwaka 1995, katika hofu ya Popobawa, jini aliyesemwa kuwa anawavamia watu usiku, umati wa watu Unguja ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania tu.

Kwa nini sababu iongeze adhabu, na mkono uliovunjika ni ule ule? Kwa sababu kipigo cha namna hii kinampata mmoja na kinawafungia milango wote wanaofanana naye. Pemba mmeishi hayo katika miaka ya chuki za vyama, watu waliposusiana maduka, harusi hata maziko. Akipigwa mmoja kwa chama chake, kijiji kizima kilijua nani anafuata. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, polisi wa England na Wales waliandikisha makosa ya chuki 140,561. Kiasi cha asilimia 70 yalikuwa ya rangi. Ya waliobadili jinsia yalikuwa 4,780. Ya dini yalikuwa 10,484, na fungu kubwa kuliko yote humo, asilimia 38, waliolengwa ni Waislamu. Kwa hivyo sheria anayoilalamikia mpwa wako ndiyo itakayomlinda akivaa kanzu kwenda Ijumaa.

Sheria hizi za chuki zina kasoro, na kasoro hizo si ndogo. Katika wiki ya kwanza ya sheria ya Scotland polisi walipokea malalamiko zaidi ya 7,000 mtandaoni, na mengi sana hayakuwa na jinai ndani yake; kumbe watu walikuwa wakikomoana. England polisi walikuwa na mtindo wa kuandikisha "matukio ya chuki yasiyo jinai" kwa hisia za mlalamikaji peke yake. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ikasema mwongozo ule uliingilia uhuru wa kusema kinyume cha sheria. Naona mahakama ilikuwa sawa. Polisi akiandika jina lako daftarini kwa maneno yasiyo kosa, utanyamaza hata pale unapopaswa kusema.

Kuna mjadala mwengine ambao watu wanauchanganya na huu, nao ni haki za waliobadili jinsia zenyewe: vyeti, michezo ya wanawake, vyumba vya kubadilishia nguo, magereza. Huo unakwenda kwa sheria nyengine. Uingereza ina Sheria ya Kutambua Jinsia ya 2004 na Sheria ya Usawa ya 2010, na tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliamua kuwa "mwanamke" katika sheria hiyo ya 2010 ni kwa jinsia ya kimaumbile. Papo hapo ikasema waliobadili jinsia wanaendelea kulindwa dhidi ya kubaguliwa. Nchi za Kiislamu nazo hazina kauli moja. Pakistan ilipitisha sheria ya kuwalinda watu hawa mwaka 2018, na Mei 2023 Mahakama ya Sharia ya Shirikisho ikabatilisha baadhi ya vifungu vyake. Iran inaruhusu upasuaji wa kubadili jinsia tangu fatwa ya Khomeini. Mtu anaweza kuwa upande wowote katika hayo yote na bado akataka mpigaji ashitakiwe.

Wala tusimchanganye huntha na haya. Huyo kazaliwa na maumbile ya kijinsia yasiyo ya upande mmoja, na vitabu vyetu vya fiqhi vina milango yake ya mirathi na sala. Kenya iliwahesabu katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524.

Zanzibar hatuna sheria ya uhalifu wa chuki kwa mpango huo. Kenya wana sheria ya 2008 inayoadhibu matamshi ya chuki ya kikabila, na waendesha mashtaka wamehangaika nayo katika kuthibitisha nia. Afrika Kusini Rais alitia saini sheria pana zaidi Mei 2024. Mimi sioni kuwa sheria mpya ndiyo dawa ya kwanza hapa. Kesi ya kijana wako haihitaji kifungu kipya. Inahitaji PF3 iliyojazwa vizuri, mashahidi wawili waliofika siku yao, na mwendesha mashtaka atakayemwomba hakimu aangalie sababu ya kipigo wakati wa kupanga adhabu. Hilo linawezekana leo, kwa sheria tulizonazo.

Mpwa wako naye mwambie hivi: akiwa Glasgow, yeye au dada aliyevaa hijabu wakishambuliwa, wapige 999 ikiwa hatari ipo, au 101 ikiwa imeshapita, na wamwambie askari tangu mwanzo maneno gani yalisemwa. Yasipoandikwa siku ile, kuja kuthibitisha kuwa kosa lilikuwa la chuki ni kazi ngumu mno.